Mkunga na Watoto wa Tausi

Bi Imakulata wa Chemchem alizalisha watu miaka thelathini na moja, na hadi leo akipita sokoni kuna mijibaba yenye ndevu inayompa shikamoo kwa kuwa ndiye aliyeidaka. Sasa niambie, mtu kama huyo ashindwe na kijibwa kinachoenea kwenye kikapu? Alishindwa, jamani. Mara mbili.

Kijibwa chenyewe, Tausi, kina manyoya meupe mpaka machoni. Shukrani, binti yake aliyeko Dar, ndiye aliyekileta pamoja na dume lake, mama alipostaafu na nyumba ikawa kimya. "Wazalishe, mama, upate shughuli."

Uzazi wa kwanza, watatu. Imakulata akavaa glovu, akawapokea, akawaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kunukia, akawafuta vizuri, akampa mama yao. Tausi akanusa, akageuza uso. Hakunyonyesha hata mmoja, wakafa wote. Uzazi wa pili, wawili. Safari hii Imakulata akazidisha usafi, akawaosha mara mbili. Mmoja Tausi alimng'ata mwenyewe hadi kufa, wa pili akafa kwa njaa.

"Mama gani huyu lakini?" Kichwa kilimvurugika. Akambadilishia chakula, akamhamishia chumbani kwake, akadhani kuna jicho la mtu. Akaenda kanisani kutoa nia ya misa, akaona haya kusema ni ya mbwa, akarudi. Shukrani naye akapiga simu: wakifa tena, anakuja kumchukua Tausi, mnyama anateseka bure. Imakulata alikata simu. Katika nyumba ile hana mwingine wa kuzungumza naye.

Asubuhi uchungu wa tatu ulipomshika Tausi, Godeliva, jirani mfuga mbuzi aliyekulia Ulyankulu, alikuja kuazima jembe. Akakuta beseni linafuka mvuke.

"Shikamoo, mama. Maji ya nani hayo?"

"Marahaba. Ya watoto."

"Unawaosha? Mama yao hajawalamba?" Godeliva akashika mdomo. "Wee mama! Mbuzi wangu ukimpaka mwanawe sabuni, anampiga pembe. Anamjua kwa harufu. Ukishamwosha, umemletea mgeni."

Imakulata akasimama na sabuni mkononi, hajui aipeleke wapi. Mbuzi na mbwa, wapi na wapi? Na huyu Godeliva amesomea wapi ukunga? Mtoto mchanga kuachwa na uchafu wake, lo! Lakini beseni akalimwaga uani.

Wa kwanza akatoka. Mikono ikamwasha Imakulata, akaikalia. Tausi akapasua ngozi nyembamba iliyokifunika kitoto, akakata kitovu kwa meno yake, na Imakulata akafumba macho akimtaja Bikira Maria. Alipofumbua, kitoto kilikuwa kimeshika chuchu, kinavuta. Akaja wa pili, akalambwa, akanyonya. Wa tatu vivyo hivyo.

Godeliva akapiga kigelegele. "Hongera, mama! Mbona unalia tena?"

Imakulata alikuwa ameketi sakafuni, khanga imelowa kifuani.

"Wale watano," akasema. "Hakuwakataa yeye. Niliwaua mimi, Godeliva. Na kila mara nilimchapa fimbo yeye."