Umbea Wenye Ukurasa

Saa tano kasorobo asubuhi, katika sekondari moja ya Buhongwa, Mwanza, wanafunzi hamsini na wawili wa kidato cha pili B wanamsengenya mume wa mtu. Mwalimu yupo. Ameketi juu ya meza, kidevu kakishika, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi akanogewa.

"Gregori amemdanganya mkewe tena," anasema msichana wa dirishani, kwa Kiingereza kinachochechemea lakini kinafika.

"Nani kakwambia?" anadakia mwalimu, kwa Kiingereza pia.

"Ukurasa wa arobaini na moja, Madam."

"Haya, mwaga!"

Huyo ni Mwalimu Wilhelmina Luhende, mzaliwa wa Pasiansi, aliyebakiza miaka minne kustaafu. Hilo ni somo la fasihi ya Kiingereza. Na Gregori, usije ukamtafuta mtaani, ni mtu wa kwenye riwaya: karani wa mizani ya pamba mwenye mke kijijini na mwingine mjini, na kila mmoja anajua yuko peke yake.

"Zamani nilikuwa nawaandikia ubaoni: dhamira, wahusika, mandhari. Wananakili, wanasinzia," anasema. "Siku moja nikawasikia bombani wanamchambua mwalimu wa hesabu. Jamani! Mtihani wangu haujawahi kupata majibu mazuri vile. Kumbe kazi wanaiweza, walikosa tu wa kumsema."

Akaweka sheria mbili. Kusengenya ruksa, ila kwa Kiingereza. Na lazima utaje ukurasa. "Umbea bila ukurasa ni uzushi," anasema. Aliyekosa neno anaigiza kwa mikono mpaka mwenzake amwokoe.

Vitabu viko saba tu, na mchwa wamekula kurasa za mwisho za vitabu sita. Cha saba, kizima, kinalala ndani ya mkoba wa mwalimu.

Lakini si mchwa wanaomnyima raha. Mwaka jana waliochagua fasihi kwa ajili ya kidato cha tatu walikuwa kumi na mmoja. Mkuu wa shule, Nathaniel Shimba, ametamka: yasipopatikana majina thelathini ifikapo Ijumaa hii, somo linafutwa, na Mwalimu Wilhelmina anarudishwa kufundisha sarufi tupu.

"Sarufi naipenda," anasema. "Ila sarufi haina Gregori."

Jumatatu majina yalikuwa tisa. Jumanne akaja Akumu Otuoma, muuza dagaa wa Mkolani, mama wa mwanafunzi aitwaye Princess. Wiki mbili nzima alikuwa akimsikia binti na rafiki yake: Gregori hivi, Gregori vile.

"Kiingereza sikijui," anasimulia mama huyo, "lakini 'lavu' naijua!"

Aliingia darasani bila hodi. Shikamoo aliisahau hukohuko Mkolani.

"Gregori yuko wapi? Nataka nimwone leo hii! Ana nini na mtoto wangu wa miaka kumi na tano?"

Princess alizama chini ya dawati.

"Keti, Mama Princess," mwalimu alimjibu. "Hata sisi tunamtafuta."

Wanafunzi wakampa kisa chote kwa Kiswahili, wakipokezana. Walipofika pale mke wa kijijini alipouza mbuzi watatu amnunulie Gregori suti, mama alisimama.

"Ngoja kwanza. Suti ya mbuzi wa mkewe ndiyo kaivaa kuoa mwingine?"

"Ukurasa wa hamsini na tatu!" likajibu darasa zima.

"Na huyo mke naye, mbona hakuuliza suti ni ya sherehe gani?"

Mwalimu aliliandika swali hilo ubaoni kwa Kiingereza. Anasema hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza hilo. Walibishana mpaka kengele ikagongwa, na Princess, aliyeibuka kutoka chini ya dawati, ndiye aliyemtafsiria mama yake.

Mlangoni mama alikumbuka adabu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Sasa, anarudi kwa mkewe au harudi?"

Mwalimu alifunga zipu ya mkoba. "Mwisho ni kwa waliojiandikisha," alisema, akiliangalia darasa.

Jioni ile majina yalifika kumi na tisa. Leo, Alhamisi, ni ishirini na saba. Huko Mkolani, Akumu anasema, jirani akimletea maneno sokoni humuuliza kwanza ni ukurasa wa ngapi.

Somo likipona, Mwalimu Wilhelmina anataka kila Jumatano wazazi waje wamseme Gregori kwa Kiswahili, watoto wao wawatafsirie. Anaendelea kuueleza mpango huo pale mkuu wa shule anapochungulia. Ofisi yake imepakana na darasa hili, na ukuta wenyewe ni mwembamba.

"Mwalimu, orodha vipi?"

"Bado watatu, mkuu."

"Kesho ndiyo Ijumaa."

"Najua, mkuu."

Haondoki. Anakuna fremu ya mlango kwa kucha.

"Hivi... yule mke wa kijijini, anamfumania?"

Mwalimu Wilhelmina anaupakata mkoba wake.

"Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, mkuu. Niletee watatu."

Mkuu wa shule anashika njia ya kidato cha pili A, na kwa mwendo ule, watatu watapatikana kabla ya mchana.