Supu Niliyoimwaga Mchangani

Nakumbuka siku moja jogoo wa mjomba alinishinda mbio. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, nafanya kazi korona. Korona ya mkonge, mwanangu, kiwanda cha kukwangua majani ya mkonge kule kwetu Tanga, si ile iliyofungia watu majumbani. Mimi nilikuwa chumba cha brashi, kunakosuguliwa nyuzi, na vumbi lake unalila kama unga. Basi kesho yake ni Idi, mjomba akanituma nimkamate jogoo mwekundu. Nikamfukuza, akapita nyuma ya mabanda, akazunguka kisima, nami nyuma yake. Ghafla kifua kikafunga. Nikaanguka napiga mluzi kama birika, na jogoo kapanda juu ya kifuniko cha kisima ananitazama. Mjomba wala hakunionea huruma. "Idi hii tutakula maharage," akasema, "mshukuruni mwanamume huyu."

Hivyo ndivyo nilivyojuana na pumu. Nimeanzia mbali, najua. Mzee akishika njia hupitia kwanza majumba ya watu. Lakini mshikilie jogoo huyo, tutamhitaji.

Miaka ikaenda, nikaoa, nikazaa, nikapata viza ya ulinzi Doha. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, mji mzima unajengwa, ukilala kiwanja unaamka ghorofa. Nikapangiwa geti la jengo lisilokwisha, mtaa wa Rayyan. Nilidhani nimelikimbia vumbi la mkonge, kumbe nimelifuata la saruji. Upepo wanaouita shamali ukivuma, hata jua linageuka rangi ya chai ya maziwa. Na pumu niliificha. Nilikwisha kuona wagonjwa wanavyorudishwa kwao, na watoto wangu walikuwa wanakula kwa geti lile. Nilikuwa naingia chooni kujipulizia dawa, kisha natoka natabasamu kama mtu aliyeongea na mchumba.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya Mwarabu mzee mwenye vitabu vya kale, ukumbi mzima. Aliyevitunza alikuwa Mzanzibari, Maalim Mbarouk, mzee mwembamba, kanzu yake imenyooka hata siku ya vumbi. Ujanani alisoma Misri. Alasiri alikuwa akivuka kuja kuzungumza nami, maana alisema Kiarabu cha kutwa kinamchosha taya. Siku ya tatu tu akanigundua.

"Bwana we, kifuani humo umefuga paka?"

"Mafua tu, Maalim."

"Haya. Kesho nakuletea mafua yako kitu."

Akaja na chupa ya chai, ile yenye maua mekundu, ndani supu ya jogoo mzee. Akanieleza kwamba katika vitabu anavyovipangusa kuna cha tabibu mmoja wa zamani sana wa Misri, aliyemwandikia mtu mkubwa mwenye ugonjwa kama wangu. Alimwambia akae penye hewa safi, ale kidogo, anywe supu ya kuku, na autulize moyo, kwani hasira na huzuni hubana kifua. Jina la tabibu nililijua baadaye, lakini ni refu, nikilitamka nitalivunja. "Na hiyo pampu yako ya dawa usiiache," Maalim akaongeza. "Tabibu angekuwa hai leo, angekuandikia hiyo hiyo."

Miezi mitatu aliniletea. Nikapata nafuu, sijui ni supu, sijui ni kula kidogo, sijui ni kupata mtu mmoja wa kumwambia. Siri nayo ni vumbi, mwanangu.

Basi siku moja nimekunywa, nimeshiba, roho nyeupe, nikasema, "Maalim, nitajie huyo tabibu wako nimsomee Fatiha. Kanifaa kuliko ndugu."

Maalim akacheka kidogo. "Moyo wako mzuri. Lakini alikuwa Myahudi, bwana. Mzaliwa wa Andalusia, akahamia Misri."

Nilihisi nimemeza nzi. Myahudi sikupata kumwona hata mmoja maishani mwangu. Niliyoyajua ni ya barazani na ya redioni. Lakini mjinga hahitaji kumwona mtu ndipo amchukie. Nikasimama. "Miezi mitatu unaninywesha mambo ya Myahudi, nawe umevaa kanzu!" Nikaifungua chupa, supu iliyobaki nikaimwaga yote mchangani.

Mlinzi mwenzangu, Otieno, Mkenya, Mkristo wa kwenda kanisani Mesaimeer kila Ijumaa, alikuwa anatoka kibandani. Akautazama mchanga ukinywa.

"Aki Mtanga, umemwaga supu? Si ungenipea mimi! Kwani huyo jogoo ulimuuliza dini?"

Nikataka kumjibu kwa tusi. Tusi halikutoka. Kifua kilifunga kama siku ile ya kisima, na zaidi. Nikapiga magoti. Hasira, mwanangu. Tabibu alikuwa amekwisha kusema.

Na niliyemtukana ndiye aliyenishika. Maalim alinikalisha, akaitoa pampu mfukoni mwangu, akanipulizia, akanihesabia pumzi moja moja kama anayemfundisha mtoto juzuu, mpaka mluzi ukapungua. Kisha akasema, sauti ya chini kabisa:

"Yule Myahudi alisoma vitabu vya Waislamu, akaandika kwa Kiarabu, akawatibu jamaa wa Sultani Mwislamu. Waislamu aliowasoma, nao walisoma kwa Wayunani, watu waliokufa wala kibla hawakijui. Baadaye Wazungu wakavitia vitabu vyao katika Kilatini, wakawafundishia madaktari wao karne na karne. Hata huyo aliyeitengeneza pampu yako ana deni la adabu kwao. Mimi nawapangusa wote kwenye rafu moja, sijasikia wakigombana. Sultani aliziweka pumzi za watu wake mkononi mwa mtu yule. Wewe, mlinzi wa geti, umemwona hafai."

Akainuka, akajikung'uta mchanga magotini.

"Jumamosi utaitwa nyumba ile," akasema. "Kataa neno, usikatae wito."

Jumamosi nikaitwa kweli. Mwarabu mzee akaniambia Maalim amekwenda zake Unguja jana, uzee umemchosha, na zamani alikwisha kuniombea nishike nafasi yake. Alimwambia nina kifua kibovu, na ule ukumbi, kwa ajili ya vitabu, ndio mahali pasipo vumbi Rayyan nzima. Sikia hilo. Siri niliyodhani itanifukuza, ndiyo iliyoniombea kazi.

Nilivipangusa vitabu vile miaka tisa. Kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, nikavijua kwa majalada kama mchungaji anavyowajua ng'ombe. Kile cha tabibu nilikipangusa cha kwanza kila asubuhi. Wakaja wanafunzi wa vyuo, binti wa buibui, kijana wa Kizungu, wakakiomba hicho hicho, wakakiinamia pamoja kutwa nzima. Mamia ya miaka, na bado kinafungua vifua. Maalim nilimtumia salamu kwa kila aendaye Unguja. Jibu sikupata.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiletewa ujuzi, uonje kwanza uone kama unaponya. Mwenyewe muulizie, naam, lakini muulizie ili umshukuru, usimuulizie ili upate sababu ya kumwaga. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na hasira ikija, ufunge wewe mdomo kabla haijakufunga kifua. Mungu akupe pumzi ndefu, akupe na mtu wa kukuvukia barabara, na akifika, akukute una adabu.

Kwa maana siku ile, alipokwisha kusema lile la wito, Maalim aliiokota chupa, akaifuta mchanga kwa upindo wa kanzu yake, akaniwekea mapajani. Ninayo mpaka leo. Kisha akavuka barabara taratibu, shamali ikimpeperusha kanzu. Pumzi ya kumwita nilikuwa nayo, yeye ndiye aliyenirudishia. Sikuitumia. Akaingia geti la ng'ambo, hakugeuka, na hakurudi tena.