Figa la Tatu

Siku moja kabla ya kuhamishwa, mimi na ndugu yangu Mwiti tuligombania ukoko wa mukimo uliobaki chunguni. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye minne. Aliniuma mkono, nikamsukuma akaangukia kapu la mayai, na Mama akatuchapa wote wawili bila kuuliza nani alianza. Watu wakiniuliza habari za vita hutaka niwaambie kwamba siku ile kulikuwa na dalili, sijui mbwa alilia, sijui jua lilikuwa jekundu. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mayai yaliyovunjika, basi.

Nyumba yetu ilikuwa kilimani, juu ya Kanyakine. Katikati yake palikuwa na mafiga matatu ya Nyanya, mama yake Baba. Alikuwa amepewa na mama mkwe wake, naye na wake, hivyo hivyo hadi kwa mwanamke aliyeitwa Nkatha, aliyeyatoa mtoni akiwa mke mpya. Familia ikihama, mafiga yalihama mgongoni mwa wanawake. Na kila mara kabla ya kuteleka chungu, Nyanya aligusa jiwe moja moja na kuwataja waliopikia hapo: Nkatha, Mukwanjeru, Karegi, Kaari. Kisha alijitaja mwenyewe, Kanyua, na kumtupia jicho Mama, ambaye siku moja angefuata. Wanaume walikuwa na koo zao na marika yao ya kujisifia. Sisi tulikuwa na mawe matatu yenye masizi, na mimi niliyakariri majina hayo kabla sijajua kuhesabu.

Hali ya Hatari ilifika kwetu kwanza kwa minong'ono. Watu wazima walinyamaza tukiingia. Halafu Baba alikamatwa shambani, akapelekwa kizuizini. Halafu wakaja homugadi, vijana wa kwetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali ya mkoloni. Walisema kila mtu ahamie kijiji kipya kilichozungushiwa handaki, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasipate wa kuwalisha. Walitupa muda wa kujaza kiondo kimoja kimoja.

Mama alijaza mahindi. Akamwambia Nyanya achukue wimbi.

Nyanya akachukua jiwe.

"Mama, jiwe haliliwi!" Mama alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimpandishia sauti mama mkwe wake.

"Haya mengine nitayarudia kesho," Nyanya akajibu, akaweka ukanda wa kiondo kwenye paji la uso na kutoka.

Hatukurudi kesho wala kesho kutwa. Tulipofika bondeni tuligeuka, tukaona nyumba yetu ikifuka moshi. Wimbi lote liliungulia humo.

Kwenye lango la kijiji kila kiondo kilipekuliwa. Aliyepekua cha Nyanya alikuwa kijana aitwaye Murithi, wa kilima cha pili. Alipotia mkono na kugusa kitu kizito chini ya blanketi, aliruka nyuma na kuinua bunduki.

"Ni nini hicho?"

"Ni figa," Nyanya alisema.

Wenzake wakamcheka. Murithi aliona haya, na kijana mwenye bunduki akiona haya ni wa kuogopwa. Alilibeba jiwe hadi ukingoni, akalitupa handakini.

Handaki lilikuwa na kina cha kumzidi mtu mzima, na chini yake kulikuwa na vijiti vilivyochongwa ncha. Tulitangaziwa kwamba atakayeingia humo atapigwa risasi. Nyanya hakupika kwa siku tatu. Mama alipika kwenye mawe ya kuokota, Nyanya akakaa kando ameangalia ukuta. Hakutaja majina, na hilo lilinitisha kuliko bunduki. Niliamini kabisa kwamba wasipotajwa watakuwa wamekufa upya, wote watano, akiwemo yeye mwenyewe.

Siku ya nne, adhuhuri, akina mama walipelekwa kuchimba upande wa pili. Niliingia.

Nilishuka kwa makalio, nikishika mizizi.

Ncha moja ilinichana paja. Sikulia.

Nililiona jiwe. Nikalikumbatia.

"Wewe!"

Murithi alikuwa ukingoni, mtutu umenielekea.

 Nilichokuwa nacho ni majina tu, basi nikayataja. Nkatha. Mukwanjeru. Karegi. Kaari. Kanyua. Nikaanza tena. Sijui niliyarudia mara ngapi. Nakumbuka viatu vyake tu. Mwishowe viligeuka, vikaenda zao.

Nilitoka huko nimejikojolea, nacheka kama mwehu. Nimeishi miaka mingi, nimezaa, nimestaafu ualimu salama, lakini sijawahi tena kupata nafuu kama ile. Nyanya alilipangusa jiwe kwa kanga yake, akaliweka pamoja na yale mawili ya kuokota. Hayo aliyaita wageni. Hakuyapa majina, lakini alipika.

Chakula chenyewe sasa ndicho hakikuwepo. Shambani tuliruhusiwa kwa muda mfupi tu, tukisindikizwa, na mahindi ya Mama yaliisha upesi. Mwiti alianza kuvimba miguu. Kisha uso. Aliacha kugombana nami, na hapo nikajua. Alikufa kabla ya mvua, akazikwa pamoja na wengine nje ya handaki. Hakuna alama. Leo mahali hapo pana migomba ya watu.

Mama hakulia. Aliliangalia jiwe na kusema, "Kiondo kizima cha wimbi."

 Nyanya naye hakukaa sana. Alipoona siku zake zinaisha alinikabidhi jiwe mimi, mtoto, badala ya Mama, kwa sababu Mama alikataa kulishika. Alikataa hadi uzeeni. Maneno yake kuhusu jambo hilo yalikuwa yale yale kila mara: "Mimi msinitaje kwenye hayo mawe."

Nani alikuwa na haki? Nimejiuliza maisha yangu yote. Pengine lile wimbi lingemfikisha Mwiti kwenye mvua. Pengine lisingemfikisha popote, maana waliokuwa na wimbi nao walizika. Sijui, na anayejifanya anajua hakuwepo.

Vita vilipokwisha, Baba alirudi akiwa mtu wa kimya, na ardhi ikapimwa upya. Pale nyumba yetu iliposimama, na mafiga mawili yaliyobaki, akapewa Murithi. Sisi tulipewa chini, kwenye mawe mawe. Mama aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga kule, na sisi tulitii. Nikienda likizo, nilikuwa nikikutana na Murithi sokoni Kanyakine akinunua kabichi. Alivua kofia, nami nikatazama kabichi. Miaka ikaenda hivyo, mpaka nikasikia amekufa.

Mimi niliolewa Embu, nikaenda na jiwe langu. Sasa nakaa na mjukuu wangu Kendi, mtaa wa Dallas hapo hapo Embu, katika nyumba ya ghorofa yenye jiko la gesi. Mwaka huu nilitoka hospitali nikakuta Kendi amelitumia jiwe kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

"Pole cucu, mimi nilidhani ni jiwe tu!" Kendi alisema. "Hujawahi kuniambia."

Ni kweli. Mwalimu mzima, nimewakaririsha watoto wa watu miaka na miaka, na wa kwangu sikumwambia kitu. Nilikuwa nangoja nini? Nikamketisha, nikamweleza yote. Alirekodi kwa simu, akamlilia Mwiti, akapangusa macho na kusema, "Twende tukayatafute hayo mawili. Jumamosi niko free."

Nilimwambia kwamba Mama aliapa.

"Yeye ndiye aliapa, cucu. Wewe uliapa?"

Basi Jumamosi tukaenda, jiwe likiwa kwenye kiti cha nyuma, limefungwa mkanda na Kendi kwa mzaha wake. Njia nzima nilijiandaa kuambiwa kwamba mawe yalivunjwa zamani, yakajengea msingi wa choo.

Mjane wa Murithi anaitwa Nkirote. Alikuwa anachambua maharagwe uani. Nilimwamkia, nikaanza kujieleza, lakini macho yake yalikuwa kwenye kile alichobeba Kendi.

"Ni wewe wa handakini?" aliuliza.

Nilisema ndiyo. Alinishika mkono, akaniingiza jikoni kwake. Moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga matatu. Mawili niliyajua kabla sijainama.

"Mzee alinikataza kuyatupa," Nkirote alisema. "Tulipojenga jiko hili aliyabeba mwenyewe. Alisema, kuna msichana ana la tatu, atakuja. Nikamuuliza, si umpelekee? Hakwenda. Alimwogopa mama yako."

Aliligusa lile la tatu kwa mwiko. "Hili letu ndilo mgeni hapa."

Nililia, na sikujificha. Mbele yangu palikuwa na mafiga ya Nkatha yakiwa mazima, yamekolea masizi mapya, hayajapoa miaka yote hiyo. Kitu fulani kilichonikaa kifuani tangu utotoni kilishuka. Kumsamehe Murithi kwa ajili ya Mwiti ni jambo jingine, na sijamaliza nalo. Kwa mafiga, namshukuru.

Nkirote aliepua chungu, akamtoa mgeni wake kwa ukuni, nasi tukaweka langu. Lilikaa sawasawa.

"Si tuyabebe yote, cucu?" Kendi alininong'oneza.

Nilifikiria Dallas, na gesi, na mlango wa jikoni. "Yakae yanapopikiwa," nikasema. Mgeni ndiye aliyerudi nasi Embu, na Nkirote akanipa majina matatu ya wanawake wa kwao niyashike. Kendi ameyakariri tayari.

Kabla ya chungu kurudi motoni niliyagusa mawe kwa mwiko na kuwataja. Nkatha. Mukwanjeru. Karegi. Kaari. Kanyua. Ilipofika zamu ya Mama nilikumbuka alivyotukataza. Mahali pake nikasema Mwiti, ingawa alikuwa mvulana na hakuwahi kupika chochote.  Nkirote alirudia baada yangu, jina kwa jina, kisha akateleka.

Sasa kila Jumapili Nkirote hunipigia simu nimsikilize akiyataja. Juzi alimruka Karegi, nikamkemea kama mwanafunzi. Mwiti hajamsahau hata mara moja.