Sawa ya Kuitikia

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, wenzake walimwita Bi Sawa. Msimamizi akimrudishia shuka alizokwisha kuzipiga pasi, sawa. Akimbadilishia zamu ghafla, sawa. "Huyu hata akiambiwa amekufa," walimtania, "atasema sawa, niingie kaburi lipi?" Naye alicheka pamoja nao, mvuke ukimlowesha uso.

Neno hilo ndilo lililomponza. Binti yake alikutwa peke yake chumbani, mama yuko zamu ya usiku, na watu wa ustawi wa jamii wakamchukua. Mahakamani, hakimu alisema ingemfaa mtoto apate wazazi wengine, wenye nafasi. Bi Sawa, kichwa ameinamisha, akaitikia "sawa" kama alivyomwitikia kila mkubwa tangu utotoni. Ikaandikwa: mama amekubali. Haki zake za mzazi zikafutwa, na hata kwenda kumwona mwanawe akakatazwa.

Akakata rufaa. Dada yake alimtafutia wakili, msichana mpole mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hakumficha kitu. Majaji husoma yaliyoandikwa, alimwambia, na yaliyoandikwa ni kukubali.

"Njia ni moja, mama. Tuseme hukuelewa ulichokuwa unajibu."

"Nikisema sikuelewa, nani atampa mtoto mtu asiyeelewa?"



Siku ya rufaa, jaji aliyeketi katikati, mwanamke wa makamo, alimwuliza kama alielewa alichomjibu hakimu. Bi Sawa alishika ukingo wa meza. Kama alielewa, basi alimtoa mwanawe kwa hiari. Kama hakuelewa, hafai kulea. Akaanza kueleza kwamba alisikia kila neno. Kwamba alilelewa kumwitikia mkubwa, na kuitikia si kukubali. Kwamba hata msimamizi akiita chafu shuka anayoiona safi, yeye huitikia, kisha hushinda akibishana naye moyoni. Maneno yalimtoka yakikanyagana.

"Jibu swali, mama. Ulielewa au hukuelewa?"

"Nilielewa," alisema. "Na simtoi."

Jaji aliinama, akaandika. Kutoka pale aliposimama, Bi Sawa aliona ncha ya kalamu tu, ikienda kidogo, ikatulia. Wakaambiwa wangeitwa siku ya hukumu.

Koridoni alimshika wakili mkono. "Ameandika yote mawili niliyosema, au lile la 'nilielewa' tu?"

Wakili hakujua.