Nani Akae Juu kwenye Kabati la Esta

Esta wa Mhunze alikuwa na ugonjwa wa kukusanya. Wenzake wakikusanya vitenge, yeye alikusanya tovuti. Alikuwa na steshenari karibu na soko, na kila alipokutana mtandaoni na ukurasa wa maana aliuweka alama asiupoteze: dawa ya kupe, utabiri wa mvua, namna ya kuomba leseni ya uchimbaji mdogo. Wateja wakawa hawampi nafasi, "Da Esta, nitumie ile linki," mpaka akachoka. Akazipanga zote kwenye ukurasa mmoja, kila fungu na kichwa chake, kila linki na maneno machache ya kukwambia unakwenda kukuta nini, akauacha wazi kwa yeyote mwenye simu. Akauita Kabati la Esta. Wachimbaji wa Mwakitolyo walipoanza kuufungua, Esta akawa hashikiki kwa raha.

Kilichobaki ni ndoa tu. Davis, kijana wa Maganzo anayechekecha mchanga wa almasi, alikuwa alete wazee wake Jumamosi kuzungumza mahari. Na Esta alimpenda huyo Davis, jamani! Akimwaza, fotokopi za wateja zilitoka kichwa chini.

Sasa kwa furaha hiyohiyo, Alhamisi akaongeza fungu la ngoma. Usukumani ngoma ina pande mbili, Bagalu na Bagika, na mtu akishaingia upande mmoja habanduki. Mzee Luka, baba yake Esta, alikuwa kiongozi wa nyimbo wa Bagalu. Mzee Stanslaus, baba yake Davis, alikuwa kiongozi wa Bagika. Mtu fulani alikuwa amepandisha kanda zao za zamani mtandaoni. Esta akaweka nyimbo za baba yake juu, za mkwe chini, wala hakuwaza lolote. Mtoto aliyelelewa kwenye ngoma, eti hakuwaza!

Ijumaa asubuhi Davis akapiga simu. "Esta, mzee kaona. Anasema haji kwenye nyumba iliyomlaza chini ya Luka."

Esta mbio kwenye kompyuta, akageuza, Bagika juu. Chai haijapoa, Mzee Luka huyo mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba leo hakuna. Hao wageni wako utawapokea mwenyewe. Mimi kesho nachunga ng'ombe."

Basi Esta akazipanga ubavu kwa ubavu, kulia na kushoto. Kwenye kompyuta zilipendeza mno. Kumbe simu ina kioo chembamba, pande mbili hazitoshi, ikazipandisha moja juu ya nyingine, na aliyekaa juu ni Luka tena. Davis akapiga. "Mzee anasema afadhali mlivyomtukana mara ya kwanza."

Esta alicheka mpaka akakaa chini, na pale chini kicheko kikageuka kilio cha kweli. Atamkosa Davis kwa sababu ya nani kakaa juu! Alipokuwa anapenga kamasi ndipo akaukumbuka uwanja wa mashindano ya ngoma. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji hukimbilia kwenye utamu. Palipojaa watu ndipo palipo na ushindi. Akabadilisha mpangilio: wimbo unaofunguliwa sana ujipandishe juu wenyewe, usiofunguliwa ushuke. Akawapasha habari wazee wote wawili.

Jumamosi wazee wote wawili walikuja. Kila mmoja alikuja kulinda upande wake. Wakakaa benchi moja pale nyumbani kwa Luka, wamepeana mgongo, kila mtu anafungua nyimbo zake mwenyewe kama aliyepagawa. Suzana, shangazi yake Esta, alitaja mahari, hakuna aliyegeuka. Esta na Davis walikuwa nyuma ya mlango, wameuma vidole kuzuia kicheko.

Mara simu ya Mzee Luka ikazima, chaji imekwisha. Akabaki hana la kusikiliza ila la mwenzake.

"Wimbo gani huo?" akauliza.

"Usijitie huujui. Ndio niliokupigia pale Mhunze, watu wote wakahamia kwangu."

"Siujui, Stanslaus. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, naimba wangu. Ningeusikia saa ngapi?"

Mzee Stanslaus akausimamisha wimbo. Akamgeukia Luka. "Kweli," akasema. "Hata wewe sijawahi kukusikia."

"Anza mwanzo, basi."

"Sogea huku, mkwe mwenzangu. Spika ya simu hii ni mbovu."

Luka akasogea, vichwa viwili vyeupe vikainama juu ya simu moja. Davis akataka kuchungulia nani yuko juu sasa. Esta akamziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka, akamwambia anyamaze, wazee wanasikiliza.