Mashine ya Baridi ya Meneja

Nilikuwa karani wa shamba la mkonge karibu na Voi, na ugonjwa wangu ulikuwa kujifanya najua. Meneja, Mzungu mgeni aliyeshindwa na joto letu, alinituma Mombasa nimchagulie mashine ya kupoza hewa, ya kuwekwa dirishani. Nilikuwa nimemwambia nazijua vizuri. Muuzaji aliponiuliza ukubwa wa chumba, sikuwa nimekipima, nikachukua mashine kubwa kuliko zote.

Niliporudi, fundi Mwakio akaniuliza, "Karani, upande upi unakaa ndani?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Badala yake nikamwambia upande wenye vitufe, kwa kuwa ndio mzuri, utazame barabarani wageni wauone.

"Haya, wewe ndiye uliyesoma," akasema, akaifunga.

Tuliiwasha mchana, meneja akajifungia chumbani apumzike. Baada ya nusu saa akatoka, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akazunguka hadi dirishani nami nikimfuata. Hapo tulimkuta mpishi wake, Mama Wakesho, amejifunika leso mbili, anachambua maharagwe.

"Ahsante, mwanangu," akaniambia. "Ila ipunguze kidogo, nasikia baridi."