Gari Lililochoka Njia ya Kendu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikisikia gari likikohoa barabarani. Jana ulipoketi hapa ukilalamika kwamba gari ulilonunua kwa mtu linakwenda vizuri mjini, lakini likishika barabara kuu linalegea kama mgonjwa, nilinyamaza. Ulidhani bibi yako ameanza kusinzia. Sikusinzia. Nilikuwa mbali.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mzungu bado anatawala, barabara zetu ni vumbi na mawe. Nilikuwa mke kijana mjini Kisii, nina mimba yangu ya kwanza, nilipoletewa ujumbe na mwuza samaki kutoka kwetu Kendu, Ujaluoni kando ya ziwa: mama yako hainuki kitandani, na anataja jina lako.

Nilikuwa sijamwona mama tangu niolewe. Aliposikia kwamba nimempata Mgusii wa Marani, hakunikataza. Aliniuliza tu, “Mtaongea lugha gani nyumbani?” Nikamjibu kwa kiburi cha ujana, “Kiswahili, mama. Tulifundishwa shuleni.” Siku ya kuondoka hakunisindikiza. Alibaki uani akianika omena, wale dagaa wa ziwani, amenipa mgongo, nami nikaondoka na mgongo ule moyoni.

Mume wangu, Zakaria, babu yako ambaye hukumwona, alikuwa mfanyabiashara wa ndizi na mahindi. Alikuwa amenunua gari kwa mzungu mmoja wa Sotik aliyekuwa akirudi kwao. Gari jeusi, kuukuu, viti vinanuka mbwa na tumbaku. Mjini lilimtii. Lakini kila alipolipeleka safari ndefu lilianza vizuri, kisha likaishiwa nguvu. Fundi alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akalizungusha mjini na kusema gari ni zima. Na kweli, mjini lilikuwa zima.

Mama yake Zakaria alisema hawezi kuacha mkamwana wake aende peke yake kwa mgonjwa. Zakaria alimwita “Baba”, maana kwa Kigusii baba ndiye mama. Mwanzo wa ndoa yetu nilikuwa nikisikia ameita Baba, nami natazama mlangoni nikimtafuta mwanamume. Huyo mama alikuja na kikapu cha unga wa wimbi na mkungu wa ndizi, akaketi mbele. Mimi nikaketi nyuma na zile ndizi, tukaondoka umande ukiwa bado kwenye migomba.

Hatukufika mbali. Gari lilianza kulegea. Zakaria akabadili gia, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na kadiri alivyokanyaga ndivyo lilivyozidi kukwama. Mtu wa baiskeli alitufikia kwenye mwinuko, akatusalimu kwa heshima, nayo heshima ile ikamchoma Zakaria kuliko tusi.

Mimi na mimba yangu hatukuipenda ile njia. Niliomba tusimame, nikashuka, nikatapika, nikasukutua. Tulipoondoka, gari likaruka kama ndama. Zakaria akacheka, “Mnaona? Lilikuwa linapasha moto tu.” Mbele kidogo likalegea. Nikaomba tena kushuka. Likaruka, likalegea. Ndivyo tulivyokwenda, na mimi kule nyuma nikaanza kuona jambo ambalo wenzangu waliokaa mbele hawakuliona.

Niliona, mwanangu, na nikanyamaza. Nililelewa kwamba mwanamume aliyeshika spana haambiwi neno.

Tulipoipita Oyugis, kwenye mlima mdogo tu, likazima. Zakaria akafungua boneti, akatoa plagi moja moja, akazipangusa, akazirudisha. Akajaribu, likawaka, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, likatetemeka, likafa. Akafunga boneti kwa kishindo.

“Turudi,” akasema. “Likituzimia huko porini na wewe hali yako hiyo, nitafanya nini? Tutakwenda Jumatatu kwa basi.”

Jumatatu! Yule anayetaja jina langu kitandani nitamwambia angoje Jumatatu? Machozi yakanitoka bila sauti. Mama mkwe akageuka, akaniona.

Angeweza kumsema mwanawe kwa lugha yao nisielewe vizuri, maana Kigusii changu kilikuwa bado kichanga. Alichagua kile Kiswahili chake cha sokoni Marani. Nadhani alitaka nisikie.

“Zakaria. Wewe umeuliza fundi, umeuliza injini. Huyu bibi iko ndani ya gari na macho yake. Umemuuliza?”

“Baba, yeye anajua nini habari ya gari?”

“Mimi sijui kama anajua. Lakini wewe haujui, ndiyo maana tuko hapa.” Kisha akanigeukia mimi, na macho yake hayakuwa ya kubembeleza. “Na wewe. Mdomo yako imeshonwa? Mama yako iko huko, wewe unalia na kunyamaza. Sema!”

Nikasema. “Likisimama linapona. Kila niliposhuka kutapika, liliondoka na nguvu zake zote. Ukilikimbiza ndipo linakufa.”

Nilidhani atanikaripia. Alisimama na spana yake, ananitazama, na hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo.

“Likisimama linapona,” akarudia. “Basi moto wa plagi hauna kosa. Ni mafuta. Injini ikivuta kwa nguvu kuna kitu kinafuata mafuta kinaziba. Ikiacha kuvuta, kinaanguka.”

Akaenda nyuma ya gari, kwenye tangi, mahali ambapo yeye na fundi wake hawakuwahi kupatazama hata mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Akalala chini vumbini, akafungua skrubu ya chini ya tangi, petroli ikamwagikia kwenye debe. Mama mkwe alivua kitambaa chake cha kichwani, akatupatia tuchujie. Yakatoka magamba ya kutu, na nyuma yake kipande cha tambara kilichooza, kikubwa kama kiganja changu. Labda mwenye gari wa zamani aliliziba tangi kwa tambara hilo kifuniko kilipopotea, likazama ndani, akalisahau. Zakaria akaupuliza mpira wa mafuta kwa mdomo, akatema petroli, akakohoa, akacheka. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, mama yake asisikie, “Ningekuuliza tangu asubuhi.”

“Ningekuambia tangu asubuhi,” nami nikasema.

Tukairudisha petroli iliyochujwa, gari likawaka. Mwanangu, gari lile lilikwenda! Mama mkwe alishika mlango kwa mikono miwili, kikapu cha wimbi kikamwangukia miguuni, na Zakaria hakupunguza.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa tulipofika. Mama alikuwa amelazwa mkekani, amekwisha mwili, macho tu ndiyo yake. Alinishika mkono, kisha akautoa akaweka kiganja juu ya tumbo langu, akakiacha hapo. Mama mkwe akaketi sakafuni kando yake. Zakaria, kwa adabu ya mkwe, alisimama nje ya mlango, na hapo ndipo nilipoelewa lile swali la lugha. Mama akisema Kijaluo, mimi ningemwambia Zakaria kwa Kiswahili, naye, kwa kuwa Kiswahili cha sokoni kisingetosha maneno ya mgonjwa, angempa mama yake kwa Kigusii, maneno yapite mlangoni kama ndoo za maji.

Mama akasema, akimtazama mwenzake, “Mwambie siku ile nilimpa mwanangu mgongo kwa sababu sikutaka aondoke akiniona ninalia.”

Sikuweza kuyapitisha. Zakaria akaniuliza kutoka nje, “Amesema nini?” Mara ya pili akauliza kwa upole zaidi. Nikamwambia, naye akamwambia mama yake.

Mama mkwe aliushika ule mkono mwembamba akasema tu, “Nyasae.” Mama akatabasamu, akajibu, “Nyasaye.” Jina la Mungu, mwanangu. Huku na huku ni lile lile, na wala hawakunihitaji kulitafsiri. Walikaa hivyo mpaka nyumba ikaingia giza.

Mama alikufa mvua zilipoanza. Mtoto alipozaliwa tulimpa jina lake, Auma, naye ndiye mama yako.

Sasa wote wamekwenda, Zakaria, mama yake, na mama yangu. Barabara ni lami, magari yanapita Oyugis kama upepo, na mimi sina wa kumkimbilia Kendu. Nikipewa leo nafasi ya kurudi, sitaomba ujana wangu. Nitaomba kiti kile cha nyuma kilichonuka mbwa, nione visogo viwili mbele yangu, na njia iwe ndefu, na gari lichoke mara nyingi kadiri linavyotaka, ilimradi mbele yetu kuna mtu anayetungoja.

Basi nisikilize. Gari lako usilikanyage zaidi linapokosa pumzi, utaliua. Tazama ni wakati gani linaugua, na utazame zaidi ni wakati gani linapona, kisha ukaanzie kwenye tangi. Umuulize na mkeo anayeketi kando yako, kuuliza si ujinga. Na wewe, siku ukiwa ndiye uliyeona, useme, hata kama mwenye spana amekunja uso. Mficha uchi hazai. Hayo ni ya gari na ya nyumba. La mwisho ni langu mimi: mama yako akikuita, nenda siku hiyo hiyo. Gari likikataa, panda basi; basi likikosekana, tembea. Kawia ufike, lakini usiahirishe.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyetufikisha siku ile jua likiwa bado juu akufikishe nawe kwa unaowapenda wakingali na pumzi, wakufungulie mlango kwa mikono yao wenyewe, na usikose neno la kuwaambia.